Vishikio vya Makabati kwa Nyumba Iliyo Karibu na Bahari

Anayejenga au kukarabati nyumba huvifikia vishikio vya makabati akiwa amechoka. Fedha zimeishia kwenye vigae, sinki na marumaru, fundi seremala anadai malipo yake ya mwisho, na familia imekwisha kufunga virago ikisubiri kuhamia. Ndipo mtu anapokwenda Kariakoo, akasimama mbele ya ubao wa duka uliopigiliwa vishikio safu kwa safu, vyote vikimetameta chini ya taa, akakinyooshea kidole kile kilichompendeza, akataja idadi na kuondoka. Sipendi kuona jambo hili likiamuliwa hivyo, kwa kuwa katika kabati zima kishikio ndicho kinachoguswa na kila mtu wa nyumba tangu chai ya asubuhi hadi vyombo vya usiku, na katika nyumba zetu za pwani ni miongoni mwa vitu vya mwanzo kuharibika.

Makabati yangu ya jikoni na bafuni yako Kigamboni, mahali ambapo upepo wa bahari huingia madirishani bila kubisha hodi. Ninaishi na mama yangu mzazi, ambaye viungo vya vidole vyake humuuma, hasa asubuhi. Mambo hayo mawili, chumvi iliyomo hewani na vidole vya mama, ndiyo yaliyonifanya nivitafakari vishikio kwa kina, na utaratibu nilioufuata ni huu: mkono uulizwe kwanza, hewa ya chumba ifuate, kisha matundu ya skrubu, na rangi ije mwisho kabisa. Duka hukupangia kinyume chake, maana ubao wa duka hauonyeshi kitu kingine isipokuwa rangi na umbo.

Hata viwe na mitindo mingi kiasi gani, vishikio vinavyofungwa kwa skrubu ni vya namna mbili. Kuna cha duara, ambacho hufungwa kwa skrubu moja na kushikwa kwa ncha za vidole. Na kuna kirefu, chenye miguu miwili na skrubu mbili, ambacho vidole hupita nyuma yake na kuvuta. Cha duara humtaka mtu abane kwa gumba na kidole cha shahada, na nguvu yote ya kuivuta droo itoke katika huko kubana. Kwa kijana mwenye mikono mikavu hilo si tatizo. Kwa mtu mwenye maumivu ya viungo, au kwa mtu yeyote ambaye mikono yake imeshika tui la nazi, mafuta au unga wa chapati, kubana ndiko hasa kusikowezekana. Kishikio kirefu hakidai hivyo: unaweza kukivuta kwa vidole viwili vilivyokunjwa, au hata kwa upande wa mkono wakati kiganja kimejaa unga.

Marekani wameliweka jambo hili katika sheria. Viwango vyao vya mwaka 2010 vya majengo yanayofikika na watu wenye ulemavu vinataka vishikio vitumike kwa mkono mmoja, bila kukamata kwa nguvu, bila kufinya na bila kuzungusha kifundo cha mkono, tena kwa nguvu isiyozidi paundi 5, ambayo ni takriban nyutoni 22. Njia rahisi ya kulipima hilo ni kukunja ngumi na kujaribu kufungua. Nilimpa mama jaribio hilo hilo dukani. Alikunja mkono wa kulia, akauingiza nyuma ya kishikio kirefu kilichopinda kidogo katikati, akavuta, na droo ya maonyesho ikaja. Kwenye kile cha duara ngumi iliteleza. "Mwanangu, hiki kinanitii," alisema, na kwa upande wa jikoni mjadala ukaishia hapo.

Kishikio kirefu nacho kina mambo yake ya kupima. La kwanza ni nafasi iliyopo kati ya upau na uso wa mlango. Ikipungua sana chini ya milimita 25, vidole vya mtu mzima hubanana na kucha hukwaruza rangi ya mlango, na baada ya miezi michache utaona alama nyuma ya kila kishikio. La pili ni urefu. Kishikio ambacho matundu yake yameachana milimita 96 huchukua vidole vitatu kwa raha au vinne kwa kubanana, na kile cha milimita 128 huchukua mkono mzima. Kwa droo ya vijiko cha 96 kinatosha. Kwa droo ya chini inayobeba masufuria, kinu na sahani za wageni, kiwe 160 au zaidi, kwa sababu mzigo kama huo mtu huuvuta kwa mikono miwili. Droo yenye upana wa karibu mita moja hutaka kishikio kimoja kirefu hasa au viwili. Ukiweka kimoja kifupi katikati, watu huivuta kwa kuipindisha, na reli zake huchoka upande mmoja.

Kuna jambo ambalo ubao wa duka hauwezi kumwonyesha mtu, ila mwanamke yeyote wa pwani ataliona siku ya kwanza ya kupika. Vishikio vya upau mnyoofu ambao ncha zake hupita nje ya miguu, vile ambavyo vimeenea sana siku hizi, hunasa nguo. Dera lina mikono mipana, na kanga iliyofungwa kiunoni huwa na pembe zinazoning'inia. Ukigeuka kutoka jikoni kuelekea mezani huku umeshika sufuria ya moto, ncha ya upau huingia ndani ya nguo na kukushika hapo hapo. Mifuko ya kanzu nayo hunaswa vivyo hivyo. Mwenye mazoea ya kuvaa nguo hizi nyumbani achague vishikio ambavyo miguu yake iko mwishoni kabisa mwa upau, ili pasiwe na ncha iliyo huru. Na kama kuna mtoto anayejifunza kutembea, mnunuzi apitishe kidole kwenye kingo za kishikio kabla ya kununua, maana kabati la chini lina kimo cha sentimita 85 hadi 90, na vishikio vyake viko sawasawa na uso wa mtoto huyo.

Sasa hewa. Hapa nitakaa zaidi, kwa kuwa ndipo fedha nyingi za watu wa pwani zinapopotelea.

Vishikio vingi vinavyouzwa kwa bei nafuu vimetengenezwa kwa aloi ya zinki. Kwenye baadhi ya maboksi utakuta imeandikwa Zamak, ambalo ni jina la aloi iliyoanzishwa na kampuni ya New Jersey Zinc ya Marekani mwaka 1929, ikiwa na zinki kwa sehemu kubwa na aluminiamu takriban asilimia 4. Sifa yake ni kuyeyuka kwa joto la chini na kujaza kalibu yenye umbo lolote, hata lenye nakshi ndogondogo, na ndiyo maana kishikio cha umbo la kifalme kinaweza kuuzwa kwa bei ya chini. Si aloi mbaya. Tatizo ni kwamba mng'ao unaouona si wake: ni tabaka jembamba la nikeli lililofunikwa na tabaka jembamba zaidi la kromu, au la rangi ya dhahabu, au la rangi nyeusi. Hewa yenye chumvi ikipata kitundu kidogo kwenye tabaka hilo, unyevu huingia na kuanza kuila zinki iliyo chini. Kutu yake haiwi nyekundu; huwa ni unga mweupe na vipele vidogo vinavyoinua mng'ao, ambavyo ukivikwangua kwa ukucha hubanduka na kuacha doa la kijivu. Mtu akisema "kishikio changu kimetoka vipele," hilo ndilo lililotokea.

Kwa kuwa rangi ya juu inaweza kufanana kabisa na ya kitu kingine, usiangalie juu. Kigeuze kishikio uangalie chini ya miguu yake na ndani ya tundu la skrubu, ambako tabaka la kung'arisha mara nyingi halifiki vizuri. Ukiona kijivu hafifu, hiyo ni zinki. Ukiona njano, hiyo ni shaba ya njano iliyopakwa. Kisha kipime mkononi: aluminiamu itakushangaza kwa wepesi wake, na shaba ngumu isiyo na uvungu itakaa kiganjani kwa uzito. Muuzaji mzuri hatakukataza kufanya hivyo, na akikukataza, nenda duka la jirani.

Chuma kisichoshika kutu, ambacho mafundi hukiita stenlesi, nacho si kimoja. Kinachofaa jikoni pwani ni kile cha daraja la 304, chenye kromu asilimia 18 na nikeli asilimia 8 hivi. Daraja la 316 limeongezwa molibdenamu kwa asilimia 2 hadi 3, na nyongeza hiyo ndiyo inayokipa uwezo wa kustahimili kloridi, yaani chumvi ya bahari; vifaa vya vyombo vya majini hutengenezwa kwa hicho. Chini ya 304 kuna daraja la 201, ambalo nikeli imepunguzwa na manganisi ikaongezwa ili kushusha bei, na kuna 430, ambalo halina nikeli ya kutajika. Watu wengi wanajua kupima kwa sumaku, na jaribio hilo ni zuri, lakini lijue mpaka wake. Sumaku iking'ang'ania kishikio kwa nguvu, hicho ni 430 au chuma cha kawaida kilichong'arishwa, na kwa nyumba ya karibu na bahari kiache. Sumaku isipong'ang'ania, bado hujajua kama ni 304 au 201, kwa kuwa vyote viwili haviivuti sana. Hapo inabaki kusoma maandishi ya boksi, kuuliza, na kununua kimoja tu kwanza. Kiloweke katika maji ya bahari, kitoe, kiache kwenye kibaraza kwa wiki mbili huku ukikinyunyizia maji hayo hayo, kisha ukiangalie. Madoa ya rangi ya chai yakitokea ndani ya muda huo, huenda yakatokea jikoni pia.

Shaba ya njano ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na sababu yangu inaonekana wazi kwa yeyote anayepita katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu. Milango mikubwa ya huko imepigiliwa vichwa vya shaba ambavyo vimekaa mbele ya upepo wa bahari tangu karne ya kumi na tisa, na masanduku ya Zanzibar yaliyojaa misumari ya shaba bado hufunguka na kufungwa katika nyumba za watu. Shaba hugeuka rangi ikawa ya asali, kisha ya kahawia, kwenye mikunjo ikaingia kijani kidogo, lakini haimomonyoki kama zinki iliyobanduka mng'ao. Ukiipenda nyeusi unaiacha, na ukiitaka ing'ae unaisugua kwa ndimu na chumvi au kwa ukwaju, ukaisuuza vizuri na kuikausha.

Jambo moja tu lazima uliulize unaponunua shaba: je, imepakwa vanishi ya kinga au haikupakwa? Iliyopakwa hung'aa bila kusuguliwa kwa muda, hadi vanishi inapopasuka sehemu inayoguswa zaidi. Hapo chumvi huingia chini yake na kutengeneza madoa yasiyosuguliwa, na dawa pekee ni kuibandua vanishi yote. Isiyopakwa huanza kubadilika tangu wiki ya kwanza, tena hubadilika kwa usawa. Kwa pwani mimi huchagua isiyopakwa bila kusita. Kuna na faida nyingine: mwaka 2008 mamlaka ya Marekani inayosimamia mazingira ilisajili aloi za shaba, zikiwemo za shaba ya njano, kuwa zinaua asilimia 99.9 ya aina kadhaa za bakteria ndani ya saa mbili. Hilo halimwondolei mtu wajibu wa kuosha vishikio baada ya kukata kuku, lakini kwa kitu kinachoguswa na kila mkono wa nyumba ni faida ya kweli, na hupatikana pale tu shaba inapoguswa yenyewe bila vanishi kuizuia.

Bafuni mambo huwa magumu kuliko jikoni, hata kama kabati la bafuni ni dogo. Kuna mvuke, kuna maji yanayorukia, na zaidi ya yote kuna dawa. Watu wengi huweka chini ya sinki la bafuni dawa ya klorini ya kufanyia usafi pamoja na asidi ya kusafishia choo, na chupa za asidi, hata zikiwa zimefungwa, huvujisha mvuke kidogo kidogo. Mvuke huo hukusanyika ndani ya kabati na kushambulia bawaba, skrubu na vishikio kutoka ndani. (Dawa hizo mbili zisikae pamoja wala zisichanganywe kamwe, kwa sababu zikikutana hutoa gesi ya klorini, ambayo huua.) Asidi nyingine huja kabla hata hujahamia: mafundi wa vigae hupenda kuosha saruji iliyobaki kwa asidi kali, na mvuke wa siku hiyo moja unaweza kutia madoa kila chuma kilichomo chumbani. Kwa hiyo vishikio vya bafuni vifungwe baada ya vigae kuoshwa, chumba kikapitishwa hewa na sakafu ikasuuzwa kwa maji mengi.

Kwa kuwa bafuni kuna milango michache, hapo ndipo pa kutumia fedha. Jiko langu lina vishikio vingi, na kuvifanya vyote vya shaba ngumu kungekula bajeti ya jokofu, ndiyo maana huko vipo vya stenlesi ya 304. Bafuni mna vichache mno, na vyote ni vya shaba isiyopakwa. Havifanani na vya jikoni, na hakuna mgeni aliyewahi kusimama katika vyumba vyote viwili kwa wakati mmoja ili avilinganishe.

Kabla sijaondoka kwenye metali, niseme neno kuhusu skrubu. Kishikio cha stenlesi safi kinaweza kuja ndani ya boksi na skrubu za chuma cha kawaida zilizopakwa zinki. Kichwa cha skrubu kiko ndani ya droo, hakionekani, na ndicho kitakachoota kutu na kuchora mstari mwekundu kwenye ubao mweupe. Skrubu za stenlesi zenye kipenyo cha milimita 4 hupatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, na bei yake ni ndogo ikilinganishwa na usumbufu wa kupaka ubao upya.

Matundu ndiyo uamuzi wa kudumu kuliko yote, ingawa ndiyo unaofikiriwa mwisho. Kishikio kikichoka hubadilishwa kwa bisibisi katika muda wa kuchemsha chai, lakini tundu lililotobolewa haliondoki; linazibwa, linapakwa rangi, na kwenye ubao wenye mchoro wa mti alama yake haifichiki. Kwa hiyo chagua kwanza umbali wa matundu, kisha ndipo uchague kishikio kinachofuata umbali huo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, watengenezaji makabati wa Ujerumani walikubaliana kupanga matundu yao kwa hatua za milimita 32, na tangu hapo vishikio vingi duniani vimefuata: 64, 96, 128, 160, 192 na kuendelea, vyote vikigawanyika kwa 32. Ukitoboa 128 leo, basi mtu atakayeishi katika nyumba hiyo baada ya miaka ishirini atapata cha kufunga. Ukinunua kishikio chenye umbali wa ajabu, tuseme 110, kikioza umekwama nacho.

Wenye ndugu Marekani wanaowatumia vishikio wawe waangalifu kwa sababu hiyo hiyo. Huko bado hutumia inchi, na kipimo chao cha kawaida ni inchi 3, yaani milimita 76, ambacho hakilingani na hatua yoyote ya 32. Skrubu zao pia zina meno tofauti kidogo na zetu za milimita 4; huanza kuingia kama zinazokubali, halafu hukwama katikati, na fundi mwenye haraka akilazimisha ataharibu kishikio. Zawadi kama hiyo ipokewe pamoja na skrubu zake, na matundu yatobolewe kwa kipimo chake ikiwa kweli umeridhia kufungwa nacho.

Fundi wangu, ambaye karakana yake iko Keko na ambaye makabati ameyatengeneza kwa mikono yake, ana msemo wake kuhusu hatua hii: "Dada, nikishatoboa nimetoboa." Kabla ya kushika drili alikata kipande cha plaiwudi chenye ukubwa wa kitabu cha shule, akakipigilia ubao mwembamba kwenye pande mbili ili kikae kwenye kona ya mlango bila kucheza, akapima, akatoboa matundu mawili juu yake, na kuanzia hapo hakupima tena; kila mlango ulipata matundu mahali pale pale. Nyuma ya kila mlango alibana kipande cha ubao chakavu, kwa sababu biti inapotokea upande wa pili bila kizuizi humegua formaika na kuacha kingo zilizochanika. Biti yake ilikuwa ya milimita 5 kwa skrubu ya 4, ili pabaki nafasi ndogo ya kurekebisha. Kisha akafanya jambo ambalo ningependa mafundi wote walifanye: alichovya kijiti kwenye vanishi na kukipitisha ndani ya kila tundu. Ubao wa MDF, yaani wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, umefunikwa vizuri usoni, lakini ndani ya tundu uko wazi, na mvuke wa bafuni ukiingia humo ubao huvimba kuzunguka miguu ya kishikio.

Urefu wa skrubu nao utazamwe. Mlango wa ubao wa milimita 18 hutaka skrubu ya 25 hivi, lakini droo mara nyingi ina mbao mbili, ya sanduku lenyewe na ya uso, na zikikutana huwa milimita 36, ambazo zinahitaji skrubu ya 45. Skrubu ikiwa ndefu kupita kiasi hufika mwisho wa tundu la kishikio kabla ya kukaza, nacho hubaki kinacheza hata ukikaza kwa nguvu zote. Dawa ni kuikata au kuiwekea washa, yaani kipete bapa chenye tundu, nyuma.

Mahali pa kuweka kishikio ni suala la mazoea zaidi kuliko sheria. Kabati la juu hupata kishikio kona ya chini, kabati la chini kona ya juu, kila mara upande ulio mkabala na bawaba, na droo hupata katikati. Kama una shaka, kibandike kwa selotepu ya karatasi na ukitazame kwa siku mbili kabla ya kutoboa. Kilicho muhimu zaidi ni kona ya jiko, pale makabati mawili yanapokutana: droo ya upande mmoja ikitoka hugonga kishikio cha upande wa pili kama seremala hakuacha ubao wa kujazia wa sentimita kadhaa. Mpe seremala kishikio chenyewe mkononi kabla hajaanza kukata mbao, apime kimetokeza kiasi gani, maana yeye hawezi kukisia utakachonunua baadaye.

Wako wanaouliza kuhusu vishikio vya mbao, nami nawaambia vitafutwe, hasa kwa chumba kilicho kikavu. Mninga hausinyai wala hauvimbi sana, na vipande vinavyobaki kwa mafundi wa samani hutosha kuchongwa vishikio vya duara. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, na ukisuguliwa hung'aa kwa weusi wake wenyewe bila rangi. Sharti ni kwamba ndani yake itiwe nati ndogo ya shaba yenye meno ya kupokea skrubu, kwa kuwa meno yaliyochimbwa kwenye mti wenyewe hulika na kishikio hung'oka. Bafuni, kwa mti, ningechagua msaji.

Makabati yasiyo na vishikio kabisa, yale ya kusukuma mlango ukafunguka wenyewe, sijayapendekeza kwa jiko la nyumba inayopika nazi. Mlango unaosukumwa ndio unaoguswa, na alama za vidole vya mafuta hubaki usoni pake, mahali papana pa kufuta kuliko upau mmoja.

Kuhusu rangi nitasema machache. Nyeusi isiyong'aa inapendeza, ila kwenye nyumba zinazotumia maji ya kisima yenye chumvi kila tone likikauka huacha doa jeupe, na juu ya weusi doa hilo huonekana kuliko mahali pengine. Ya dhahabu iliyopakwa kawaida huchujuka kwenye kingo. Kuna ile iliyotiwa kwa mvuke wa metali ndani ya chombo kisicho na hewa, ambayo kwenye maboksi huandikwa PVD. Hiyo ni ngumu kweli, na kama imewekwa juu ya stenlesi inastahili bei yake. Usihangaike kulinganisha kishikio na bomba la maji, kwa sababu dhahabu ya kiwanda kimoja si dhahabu ya kingine, na kukaribiana bila kulingana huonekana vibaya kuliko kuachana kabisa.

Vikishafungwa, vifutwe kwa kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi mara moja kwa wiki, kisha kwa kitambaa kikavu, hasa upande wa nyuma wa upau ambako chumvi na mafuta hujificha. Sponji ya waya isivikaribie. Na wakati wa kununua, ongeza viwili au vitatu vya jikoni na kimoja cha bafuni, uvifunge kwenye mfuko pamoja na skrubu zake, uandike juu yake umbali wa matundu, kwa maana mzigo ujao utakaoingia Kariakoo huenda usiwe na mtindo huo.